Mfuko wa Ndani

Kambi Muru, Kibera
4 Machi 2025

Nasike wa Mama Murunga,

Niaje huko kwa wenyewe? Usishtuke kuona mwandiko wangu wa miguu ya kuku. Nimeandika kwa mkono, Kavetsa wa cyber pale Kisumu Ndogo akaipiga picha na mashine yake, akakutumia. Ukijibu atanichapishia. Si unajua sishiki simu, huu ni mwaka wa tatu. Mtaani wengine wanasema nimeokoka, wengine wanasema nimeruka fyuzi. Waache. Niko kwa mfungo.

Mama yako nilimpata akichambua omena zake, akaniambia uko Florence, mji wa mawe na sanamu za watu uchi, unatunza nyanya mmoja wa miaka themanini na sita. Akasema pia umeonywa kwamba mji umejaa wezi wa mifukoni. Nasike, nilicheka. Umetoka Kibera ukaenda mpaka Ulaya kuogopa mwizi? Na uliondoka bila kuniuliza mimi, Ian Mulei, fundi wa mifuko? Nimekaa kwa Kavetsa siku mbili nikatazama video saba za huko kwenu. Walimu walinifukuza darasa la saba wakidhani sina kichwa. Sasa hivi najua Florence kuliko meya wao.

Soma polepole kwa sababu sirudii.

Atakuja msee mweusi kama sisi, anacheka, anakuita sista, anauliza umetoka nchi gani ya Afrika. Ananyosha mkono. Wewe kwa malezi ya mama yako utaupokea, si kwetu kukataa salamu ni kumtukana mtu? Ukishaupokea, amekufunga kamba ya rangi na fundo haifunguki, anataka hela, na wenzake wawili wamekusimamia hapa na hapa. Nakuandikia kwa herufi kubwa: USISALIMIWE. Watu wanaogopa kisu. Mimi naogopa salamu.

Wasichana wakikuletea karatasi eti weka sahihi usaidie viziwi, jua karatasi inafunika mkono, na mkono uko kwa mkoba wako. Mtu akikumwagia aiskrimu kwa bega halafu akawa mpole sana kukupangusa, huyo si mpole. Na yule wa kukusaidia na mashine ya tiketi, mwambie umezaliwa na hiyo mashine.

Ile jaketi ya kijani uliyonunua soko la Toi, niliyokushonea mfuko wa ndani kabla usafiri, usiivue. Pasipoti ikae humo. Nimeweka zipu na kifuniko, hakuna mkono wa Mwitaliano utafika. Ila chini ya mfuko, kwenye bitana, nimeshona mara mbili. Hapo usiguse. Ni ufundi.

Fundi Munyao anakusalimia. Bado tuko kwa kibanda kile kile, pale stage ya Kawangware 56.

Mimi, profesa wa mifuko,
Ian Mulei

Kavetsa anasoma hizi barua akizipiga picha. Sasa, Kavetsa.


Florence
13 Machi 2025

Profesa,

Barua yako imechelewa. Nilikuwa nimeshafungwa kamba.

Ilikuwa vile vile ulivyosema. Sista, sista, nchi gani? Nikasema Kenya, akaniimbia. Niliona aibu kumwachia mkono hewani, nikampa wangu. Signora Bruna, huyo nyanya ninayemtunza, aliikata kamba na makasi jioni akanisema kwa Kiitaliano mpaka chai ikapoa. Nilielewa neno moja tu, stupida, yaani mjinga.

Juzi nikapita karibu na kanisa lao kubwa. Kuna watu wanatandika picha za kuchora chini, katikati ya njia. Ukikanyaga moja, umenunua. Sasa mimi, Ian, mtoto wa Toi, ninayeweza kupita katikati ya viatu vya watu bila kugusa hata kamba, nilijua hapo siwezi kunaswa. Nikainua mguu. Kabla haujashuka, yule jamaa akasukuma picha kwa kidole cha mguu ikaingia chini ya kiatu changu. Nilivua kofia. Signora Bruna yeye aliinua fimbo, na jamaa akakumbuka ana safari.

Sasa habari za nyumbani. Mke wa Murunga atajifungua mwisho wa Aprili. Kaka yangu anasema akiwa mvulana ataitwa Wangila, jina la nyumbani la marehemu ndugu yetu Elvis, ili lirudi. Wazee wa Kimilili wamekataa. Baba mdogo alisema jina la mtu aliyeuawa na umati kwa wizi halirudishwi, mtoto atakuwa na mkono mwepesi.

Miaka miwili na zaidi, na bado nikifunga macho naona mazishi yale. Saa saba jua kali, bila wimbo hata mmoja, pasta akisema ana mkutano. Katika vijana wote wa mtaa ni wewe peke yako uliyesafiri hadi Kimilili, ukabeba jeneza upande wa kichwa. Sitasahau hilo. Na sijaacha kusema: kaka yangu hakuwa mwizi. Ila wakiniuliza ile simu ya yule mama ilifikaje mfukoni mwake, sina jibu. Nikipata jibu, mtoto atapata jina.

Swali dogo, Profesa. Fundi wa nguo amejuaje haya yote?

Nasike


Kawangware 56
20 Machi 2025

Stupida wangu,

Nimelipenda hilo neno. Jana nimemwita nalo Munyao, akadhani ni pongezi.

Unauliza nimejuaje? Fundi huona mkono kabla ya kuona mtu. Mimi nikikaa kwa cherehani, watu elfu wanapita mbele yangu, na kila mfuko unaniambia siri yake. Huyu ana pesa upande wa kulia maana anaupapasa kila hatua tatu. Huyu hana kitu ila anatembea kama ana kitu. Nipe kiti hapo mbele ya kanisa lenu siku moja tu, nitakutajia wezi wote kwa majina ya baba zao.

Wacha nikupe siri ya kazi yao, ambayo video hazisemi. Huwa ni watatu. Mmoja anaziba, anasimama ghafla mbele yako kama amesahau kitu. Wa pili anachomoa. Wa tatu anapokea. Wewe unamtazama aliyekugusa, kumbe yeye hana kitu, mchomoaji hakai na mali hata pumzi tatu. Ukimshika ukampekua, unamwomba msamaha. Anayepokea anaweza kuwa mtu yeyote, hata mtu asiyejua kwamba amepokea. Hiyo laini ya mwisho nimeikata na kalamu, iruke.

Mimi siku hizi nguo zangu hazina mifuko. Nimeishona yote. Natembea na karatasi ya nailoni kama mama wa sukuma wiki. Munyao ananicheka, eti fundi wa mifuko asiye na mfuko. Acha nikuchekeshe na wewe. Nikipita pale stage, mchana kweupe, nasikia mkono. Unaingia polepole, upande wa kushoto, kwa mfuko ambao nimeushona na haupo. Vidole vinapapasa mpaka chini, vinazunguka kona, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Havina haraka. Nikigeuka hakuna mtu, ni mama wa ndizi tu na yuko mbali. Kavetsa ameniambia ni minyoo. Nimemeza dawa ya minyoo.

Kuhusu jina, wazee wana mambo yao. Mpeni mtoto jina lingine, majina si ni mengi? Hata Ian liko.

Profesa


Florence
30 Aprili 2025

Ian,

Mvulana amezaliwa juzi. Kilo tatu na nusu, na masikio ya Elvis. Kikao cha kumpa jina ni Jumamosi tarehe saba Juni, huko Kimilili. Mpaka siku hiyo anaitwa Mtoto tu.

Majina si mengi. Usiniambie hivyo tena. Ulikula sahani moja na Elvis tangu mkiwa darasa la pili, halafu unaandika majina si ni mengi.

Nimekaa zaidi ya mwezi bila kukujibu kwa sababu hiyo. Ninaandika sasa kwa sababu ya jambo jingine, na usicheke.

Jumapili nilivuka lile daraja lao la zamani lenye maduka ya dhahabu. Watu wamejaa, wote shingo juu wanapiga picha. Nikasikia mkono ndani ya jaketi. Sikupiga kelele. Nilikumbuka barua zako, nikaukandamiza na kiwiko ili usitoke, nikageuka.

Hakukuwa na mtu. Nyuma yangu palikuwa wazi, hatua tatu nzima. Na kiwiko changu kilikuwa kimebana kitu, Ian. Kilikuwa baridi, halafu kikaisha kama maji.

Pasipoti ilikuwepo. Zipu ilikuwa imefungwa. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwenye bitana, pale uliposema nisiguse, uzi umeachia. Haujakatika. Umefunguliwa fundo kwa fundo, kiasi cha kucha. Nikibonyeza nasikia karatasi ngumu, kama kadi.

Umenishonea nini?

Nasike


Kambi Muru
2 Mei 2025

Nasike,

Hongera kwa mtoto. Mwambie Murunga amekuwa mzee sasa, aache kuvaa kaptula.

Hiyo karatasi si kitu. Ni kadi ya maombi, nyanya yangu wa Kitui alinipa zamani, nikaona ikusindikize. Ukiifungua inapoteza nguvu. Chukua sindano, shona uzi mara mbili, piga fundo tatu, usivae jaketi hiyo kwa watu wengi. Ikiwezekana usiivae kabisa.

Huo mkono ulikuwa wa mwizi wa huko. Kule wana ujuzi.

Ian


Florence
11 Mei 2025

Ian,

Nyanya yako wa Kitui alifariki kabla hujazaliwa. Uliniambia mwenyewe, siku ulipotoroka mtihani ukawadanganya walimu eti unaenda kumzika mara ya tatu.

Nimeshona bitana kama ulivyosema. Asubuhi iliyofuata nimekuta imefunguliwa tena, kiasi cha kidole sasa. Bado sijaingiza mkono. Nakungoja wewe uniambie.

Lakini jana nimeona kitu na lazima nikuandikie. Nilimpeleka Signora Bruna sokoni na kikapu chake cha magurudumu. Pembeni yetu mtalii mmoja akapiga kelele, pochi imeenda. Watu wakafunga njia. Kijana mmoja mwembamba alikuwa anapita karibu na sisi, akamwinamia Signora Bruna kwa heshima, buongiorno nonna, yaani habari bibi, akamgusa bega, akaenda zake. Mara mtu akaonyesha kikapu. Pochi ya mtalii ilikuwa humo, juu ya nyanya na vitunguu.

Unajua nilifanya nini? Nilimsimamia mbele yule bibi, nikanyosha mikono yote miwili, nikafunga macho, nikingoja jiwe la kwanza. Nilipofungua, watu walikuwa wananitazama mimi. Hakuna aliyeokota kitu. Mwenye mboga alicheka akasema, mwizi ameitupa hapo mwenyewe akikimbia, huwa wanafanya hivyo kila siku. Mtalii akachukua pochi, akambusu bibi mkono. Mimi nilikaa chini kando ya barabara nikalia mpaka wakaniletea maji.

Kila siku, Ian. Wanafanya hivyo kila siku. Hapa hata muuza mboga anajua kwamba kitu cha wizi kinaweza kukutwa kwa mtu asiyeiba. Na wewe ulikuwa umeshaniandikia. Ule mstari uliokata, mashine ya Kavetsa imeuonyesha vizuri. Hata mtu asiyejua kwamba amepokea.

Elvis alikuwa 56 siku aliyouawa hapo kwa sababu mimi nilimtuma. Nilimtuma achukue picha zangu za pasipoti kwenye studio iliyo karibu na chuo nilichosomea. Niliwaambia polisi, niliwaambia wazee. Wakasema bahasha ya picha iko wapi, hakuwa nayo. Wa studio akasema watu ni wengi, hakumbuki sura. Mwisho hata mimi nikaanza kuwaza, labda hakuenda kabisa. Labda kweli alienda kwa mambo mengine. Nimelala na hilo wazo juu ya kaka yangu.

Nakuuliza mara moja. Siku ile ulikuwa wapi?

Nasike


Kisumu Ndogo
26 Mei 2025

Nasike, sasa dada,

Ni mimi Kavetsa wa cyber. Naandika kwa sababu barua yako ya tarehe kumi na moja nilimpa Ian, akasoma akiwa amesimama hapo mlangoni, akaikunja, akaiacha juu ya kiti. Hajarudi. Kwa Munyao pia hajaonekana wiki mbili. Kambi Muru jirani yake anasema yuko ndani, anakula kidogo, na amekata nguo zake zote pale mifuko ilipokuwa, zimebaki na matundu.

Wewe najua umekasirika kwamba nasoma. Nasoma, sitadanganya. Nimesoma hii yako mara nne. Siku ile nilikuwa nimefunga duka nikaenda 56 kununua wino. Niliona umati. Nikapita. Kila mtu alipita.

Nitampelekea ukiandika kitu.

Kavetsa


Florence
27 Mei 2025

Ian,

Nimetia mkono ndani ya bitana.

Picha nne. Mandhari nyeupe, nywele nimesuka zile kubwa za Novemba, na kola ya blauzi ya Mama upande mmoja imekunjika. Nyuma kuna mhuri wa studio wa siku ya kuchukuliwa: 17 Novemba 2022. Ni tarehe aliyouawa.

Alienda. Alizichukua. Alikuwa nazo.

Nimetembea na hizi picha kifuani kwangu uwanja wa ndege, kanisani, sokoni, nikiuliza watu kaka yangu alikuwa na nini mfukoni.

Zilitoka kwake zikafika kwako namna gani?

Nasike


Kambi Muru
2 Juni 2025

Nasike,

Kavetsa amekuja akabisha mpaka nikafungua. Amekaa hapa kwa ndoo. Nimemwambia asome ninapoandika, neno kwa neno, ili nisikate mstari.

Mimi nilikuwa mchomoaji. Miaka minne, hapo 56 na kwingine. Nilikuwa mzuri, hata sasa mkono unataka kujisifu nikiandika. Mbithi ndiye alikuwa anapokea. Elvis hakujua. Mlidhani napakia mizigo kwa hardware.

Siku ile Mbithi hakuja. Ningerudi nyumbani, lakini nilijiona mimi ni mimi. Mama mmoja alikuwa anachagua ndizi, simu iko juu juu kwa mkoba. Nikachomoa. Akasikia, akageuka, akapiga kelele. Nilikuwa nayo mkononi na hakuna wa kupokea.

Ndipo nikamwona Elvis anatoka studio. Alikuwa anacheka peke yake, sijui alikuwa anacheka nini. Aliponiona akafungua mikono. Ulikuwa unajua vile anasalimia, anakukumbatia na bega moja halafu anakupiga mgongo. Nikamwendea. Nikamkumbatia. Nikaacha simu kwa mfuko wake wa kushoto. Nilidhani nitaichukua tukipita kona. Naapa nilidhani hivyo.

Lakini mkono wangu ulikuwa umezoea. Ukiingia mahali hautoki mtupu. Ulitoka na bahasha ndogo. Sikutaka bahasha. Sikujua hata nimeishika.

Halafu ile simu ikalia.

Watu wakamgeukia. Elvis akashika mfuko, akaitoa, akaiangalia kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Akaniangalia mimi. Hakusema ni Ian. Sijui kama hakujua au alijua akanyamaza. Hilo ndilo linanila.

Kuna moja mbaya kuliko yote. Mtu mmoja karibu yangu alinitazama sana. Nikaogopa. Nikainua mkono nikaita mwizi. Niliita na wao, Nasike. Niliita jina hilo nikimtazama.

Tangu hapo sishiki simu. Nilimbeba upande wa kichwa kwa sababu sikutaka mtu mwingine aone ninavyolia. Munyao alinifunza cherehani bila kuniuliza kitu, na kibanda chake kiko hatua ishirini kutoka pale. Kila siku napitia. Picha zako nilijaribu kuzitupa mara tatu, na mara zote ilikuwa ni wewe unaniangalia. Ulipoleta jaketi nikaona hapa ndipo zitafika kwa mwenyewe bila mdomo wangu. Ndio maana nilikuambia usisalimiwe. Sikuwa nakufundisha Florence. Sina kingine ninachojua.

Jumamosi ni tarehe saba. Nitaenda Kimilili. Nitasimama mbele ya wazee kabla jina halijatajwa. Kavetsa amechapisha nakala ulizomtumia za zile picha, na mhuri wa nyuma, nitazibeba. Wakinifanya vile alivyofanywa Elvis, usimlaumu Murunga.

Sina jina la kuchekesha leo.

Ian Mulei


Kimilili
9 Juni 2025

Nasike,

Niko hai. Murunga alinipiga mara moja tu, hapa kwa taya, kisha akakaa chini akashindwa na mkono wake.

Nilisema yote nikiwa nimesimama, mzee mmoja akitafsiri kwa wasiosikia Kiswahili, kwa hiyo niliyasikia mara mbili. Baba yenu mdogo alishika zile karatasi zenye mhuri akazisogeza karibu na macho, akasoma tarehe, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Zikafika kwa Mama yako. Yeye hakuziangalia. Aliniuliza swali moja.

"Alikusalimia?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mathe. Alifungua mikono."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua hivyo siku zote. Akaamka akachukua mtoto kwa mke wa Murunga, akampeleka kwa baba mdogo, akasema huyu ni Wangila. Hakuomba. Alisema. Mzee akatema mate kidogo ya baraka kwa kifua cha mtoto akarudia, Wangila. Ndipo wale wamama waliokuwa nyuma wakaanza wimbo. Ulikuwa wa mazishi. Waliuimba wote, beti zote, ule ambao hawakumwimbia Elvis.

Sikupewa chai, na sikungoja.

Kesho asubuhi Murunga ananipeleka kituo cha polisi nikaandikishe maelezo. Nitasema na jina la Mbithi, na langu kwanza. Sijui watanifanya nini. Nimevaa suruali ya Murunga kwa sababu zangu zina matundu. Hii ina mifuko. Nikiwa nimekaa hapa nje, saa nne asubuhi, kuku wanapita, mkono umeingia upande wa kushoto. Nilidhani kusema kutautuliza. Bado unapapasa.

Ian


Florence
15 Juni 2025

Ian,

Hii haipiti kwa Kavetsa. Nimeituma kwa posta, kwa Murunga, akuletee popote watakapokuweka.

Sijakusamehe. Nikiandika nimekusamehe nitakuwa nakufunga kamba ya rangi. Ulimwita kaka yangu mwizi ukimtazama machoni, na mimi nimejifunza kulia katika lugha tatu. Labda siku moja. Usingoje.

Mama amenipigia. Anasema Wangila analala vizuri, na ameanza kukamata vidole vya watu. Hakuna anayeuondoa mkono wake.

Wewe unadhani Elvis anakuwinda. Nimefikiria sana nikiwa natembea na Signora Bruna, na sivyo ninavyoona. Mwenye hasira hapapasi polepole. Mwenye hasira hafungui fundo moja moja. Asubuhi ya siku aliyouawa alikuwa anakawia kuamka, akinitania kwamba sura yangu haitatoka vizuri hata wakinipiga mara mia, nikampiga na kandambili nikamwambia, usirudi nyumbani bila hizo picha.

Nilimwambia hivyo. Na yeye alinisikiliza.

Tatu nimebaki nazo. Ya nne iko ndani ya bahasha hii. Itie mfuko wa kushoto, usiushone. Ukiusikia mkono, usigeuke na usiushike. Mwache aipate, arudi nyumbani.

Nasike